Mahubiri kwa Kinywa cha Mwingine: Ælfric, John Mirk na Mwalimu Aliyesoma Nusu

Utangulizi

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii ina ukweli wake, lakini wapo waandishi ambao kazi yao yote ilikuwa kushona nguo za kuazimwa. Hawa ni watunzi wa vitabu vya mahubiri vya Ulaya ya Zama za Kati. Hawakuandika ili msomaji ajifungie chumbani na kufurahia ufundi wao. Waliandika ili padri mwingine, ambaye wengi wao wasingemwona kamwe, asimame mbele ya waumini wake siku ya Jumapili, afungue kitabu na kuyasema maneno yao kama yake.

Historia za fasihi huvipita vitabu hivi kwa haraka. Hoja inayotolewa ni kwamba havina ubunifu: mtunzi amechota kwa Agostino, kwa Gregori na kwa Beda, akafasiri, akapanga kwa kufuata sikukuu za mwaka, basi. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Ninadai kwamba kazi iliyoandikwa kwa ajili ya kinywa cha mwingine ina kipimo chake, na kipimo hicho si ubunifu. Swali la kuuliza ni hili: maandishi hayo yanamwachaje yule anayeyasoma? Yanamfanya mwalimu, au yanamfanya kipaza sauti tu? Nitalielekeza swali hilo kwa watunzi wawili wa Uingereza, Ælfric wa karne ya 10 na John Mirk wa karne ya 14.

Ndugu msomaji huenda akauliza mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini huko. Nitamjibu kwa kisa changu mwenyewe.

Kisa cha tanga

Nilipoanza kufundisha, mhadhiri mmoja aliyekuwa akistaafu alinikabidhi faili la notisi zake. Zilikuwa notisi nzuri, zimepangwa wiki kwa wiki, na mifano imepigiwa mstari. Muhula mzima niliingia darasani na faili hilo, nikasoma, wanafunzi wakaandika. Siku moja tukafika kwenye mfano wa mabaharia waliotweka tanga. Mwanafunzi akanyoosha mkono: "Mwalimu, kutweka ni kufanya nini?" Mimi nimezaliwa milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Tanga nilikuwa nimelisoma tu. Nikajibu bila kusita kwamba kutweka ni kushusha, darasa zima likaandika.

Baada ya kipindi, kijana mmoja aliyetoka Mombasa akanifuata mlangoni. "Samahani Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "kwetu kutweka ni kupandisha. Kushusha ndiyo kutua." Nilimshukuru, na wiki iliyofuata nikasahihisha mbele ya wote. Lakini nilijua kosa langu halikuwa la neno moja. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimesema maneno ambayo sikuyamiliki, na swali la kwanza kutoka nje ya faili likaniangusha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivutiwa na waandishi waliokabiliana na tatizo hili wazi wazi. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam nilikutana na jina la Ælfric katika kitabu cha historia ya sarufi. Sikujua wakati huo kwamba mwanasarufi huyo alikuwa pia mtunzi wa mahubiri, na kwamba kazi hizo mbili zilizaliwa na hofu moja.

Tatizo lilianzia kwenye lugha

Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliagiza kila askofu awe na mahubiri na ajitahidi kuyafasiri waziwazi kwa lugha ya Kirumi ya watu wa kawaida au kwa Kijerumani, ili wote waelewe. Wanaisimu hulitaja sana agizo hili. Ni miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa kwamba watu walikwisha kutambua kuwa Kilatini cha vitabuni na lugha ya nyumbani si lugha moja tena.

Vitabu vya mahubiri vilikuwapo tayari. Mwishoni mwa karne ya 8 Paulo Shemasi, mtawa msomi, alikusanya kwa amri ya Mfalme Charlemagne mahubiri ya mababu wa Kanisa kwa ajili ya sikukuu zote za mwaka. Hata hivyo, mkusanyo huo ulikuwa wa Kilatini. Padri wa kijijini aliyejua Kilatini cha kuungaunga angeweza kuadhimisha misa kwa mazoea, kwa kuwa maneno ya misa hayabadiliki sana. Kuieleza Injili ya siku kwa lugha ya wakulima lilikuwa jambo jingine.

Ælfric na mwalimu wake

Ælfric alisomea Winchester, kusini mwa Uingereza, katika shule ya Askofu Æthelwold. Yapata mwaka 987 alipelekwa kwenye monasteri mpya ya Cerne, katika Dorset, na huko akaandika kazi zake kubwa. Mwaka 1005 akawa abate wa Eynsham, na inakadiriwa alifariki yapata 1010.

Katika dibaji aliyoiandikia tafsiri yake ya Kitabu cha Mwanzo, anasimulia jambo la utotoni. Alipokuwa mwanafunzi alifundishwa na padri mmoja aliyekuwa na kitabu hicho na aliyejua Kilatini kwa sehemu tu. Padri huyo alikuwa akisema kwamba Yakobo, baba wa makabila ya Israeli, alikuwa na wake wanne, mtu na dada yake pamoja na vijakazi wao wawili. Ælfric anakiri kwamba padri alisema kweli. Maneno yamo kitabuni. Ila mwalimu hakujua, na mwanafunzi naye hakujua bado, tofauti kubwa iliyopo kati ya sheria ya kale na sheria mpya. Hofu ya Ælfric ni kwamba mtu mjinga akisoma hivyo atadhani naye anaruhusiwa kuishi kama mababu wale.

Tazama ufundi wa kisa hiki kifupi. Mwalimu hatukanwi, wala hatajwi jina. Hakusema uongo wala hakuwa mvivu, maana alikuwa na kitabu na alikisoma. Alichokosa ni kile kinachozunguka maneno ya kitabu. Kwa maoni yangu, kazi yote ya Ælfric ni jibu kwa padri huyu aliyesoma nusu.

Jibu la kwanza lilikuwa vitabu viwili vya mahubiri, vinavyojulikana kama Mahubiri ya Kikatoliki, alivyovikamilisha kati ya mwaka 990 na 995 hivi na kuvipeleka kwa Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury. Kila kitabu alikipanga kuwa na mahubiri 40. Katika dibaji anaeleza kwamba amevigawa viwili ili kimoja kisomwe mwaka huu na kingine mwaka ujao, wasikilizaji wasichoke. Anasema pia kwamba amekwepa maneno magumu na kutumia Kiingereza chepesi, na kwamba hakufasiri neno kwa neno bali maana kwa maana. Dibaji ya kitabu cha pili inataja mashambulizi ya maharamia, yaani Waviking waliokuwa wakiivamia nchi miaka hiyo. Aliandika wakati watu wana hofu, na wenye hofu huamini chochote.

Fani: nathari inayosemeka

Mwalimu wa fasihi atauliza kuhusu fani, na hapa Ælfric anastahili kusikilizwa. Kuanzia kitabu cha pili, na zaidi katika kazi yake iliyofuata ya Maisha ya Watakatifu, alibuni nathari ya mahadhi. Sentensi zake hugawanyika katika vipande vifupi, kila kipande kikiwa na mikazo miwili hivi, na vipande hivyo hufungwa jozi jozi kwa maneno yanayoanza na sauti moja. Sisi tuliozoea utenzi tunasikiliza vina mwishoni mwa kipande. Mwingereza wa wakati ule alisikiliza mwanzoni mwa neno. Ælfric aliazima sikio hilo kutoka katika ushairi wa lugha yake, lakini akaacha msamiati wa kishairi uliokuwa mzito kwa mtu wa kawaida.

Faida ya mtindo huu ni ya kivitendo kabla ya kuwa ya kisanaa. Msomaji dhaifu akipewa sentensi ndefu isiyo na mahali pa kupumzika, atapumzika pasipostahili na maana itavunjika. Mahadhi ya Ælfric humshika mkono. Yanamwonyesha wapi pa kuvuta pumzi na wapi pa kukaza. Kwa kipimo cha maandishi ya kusemwa na mwingine, sijui mfano bora zaidi.

Uangalifu wake unaonekana hata kwenye sarufi. Mswada mmoja uliopo Maktaba ya Uingereza, London, una masahihisho ambayo wataalamu wanaamini ni ya mkono wake mwenyewe. Miongoni mwake ni mabadiliko ya viambishi vya nomino baada ya vihusishi. Mtu aliyekwisha kuandika mahubiri 40 anarudi nyuma kurekebisha silabi moja. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha upatanisho wa ngeli katika insha mia moja atamtambua kuwa ndugu yake.

Maudhui: milango aliyoifunga

Sifa hizo zisituzuie kuona upungufu. Ælfric alikuwa mtu wa kukataa. Anasema wazi kwamba alianza kuandika kwa sababu aliona upotofu mwingi katika vitabu vya Kiingereza ambavyo wasiosoma walivichukua kuwa hekima kubwa. Katika mahubiri ya siku za maombi kabla ya sikukuu ya Kupaa, anawashutumu wanaosoma Maono ya Paulo, hadithi ya safari ya mtume huyo kuona mateso ya kuzimu. Anauliza watu wanawezaje kuisoma, ilhali Paulo mwenyewe alisema kuwa mambo aliyoyasikia mbinguni hayatamkiki na binadamu. Hata kuhusu Bikira Maria kupalizwa mbinguni, anakataa kusimulia zaidi ya kile alichokiona kina msingi.

Ili kujua alichokifungia nje, tusome mahubiri yaliyomtangulia ambayo watunzi wake hawajulikani. Mkusanyo mmoja, uitwao Mahubiri ya Blickling, una mahubiri 18. Katika hubiri la Malaika Mkuu Mikaeli tunaelezwa mwamba juu ya maji, miti yenye barafu, na roho za wakosefu zimening'inia kwa mikono iliyofungwa, huku chini majitu ya majini yakisubiri. Taswira hii inafanana sana na ziwa la zimwi katika utenzi wa Beowulf, na wahakiki wamejadili uhusiano huo kwa zaidi ya karne moja. Ni picha inayokaa kichwani. Aliyeisikia Jumapili hawezi kuisahau hadi Jumamosi.

Ælfric angeifuta. Kama mwanatheolojia huenda alikuwa na haki, na suala hilo si langu. Kama mhakiki ninasema alilipa gharama. Mahubiri yake ni safi, yana mpangilio na yanaeleweka, lakini mara nyingi hayampi msikilizaji kitu cha kubeba nyumbani. Aidha, yanamwachia msomaji nafasi ndogo. Mara kwa mara Ælfric huleta swali ambalo watu huuliza, kwa mfano katika hubiri la Pasaka kuhusu mkate kuwaje mwili wa Kristo, kisha hulijibu yeye mwenyewe. Padri anasoma swali, anasoma jibu. Swali la pili, lile linaloulizwa mlangoni watu wakitoka, halimo.

Sarufi na mazungumzo

Tukiishia hapo tutamhukumu Ælfric isivyo haki, kwani alitoa jibu la pili kwa padri aliyesoma nusu. Muda mfupi baada ya mahubiri aliandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza, ambayo ndiyo sarufi ya kwanza ya Kilatini inayojulikana kuandikwa kwa lugha ya kienyeji huko Ulaya. Katika dibaji yake anakumbusha kwamba kabla ya Dunstan na Æthelwold kufufua elimu, hapakuwa na padri Mwingereza aliyeweza kuandika au kuelewa barua ya Kilatini.

Hapa alikutana na tatizo ambalo sisi tunalijua vizuri: istilahi. Kiingereza hakikuwa na maneno ya sarufi, akayaunda. Kiwakilishi alikiita kishika nafasi cha jina. Kielezi alikiita mwenzi wa kitenzi. Kihusishi kilikuwa kile kilichowekwa mbele, na kihisishi kile kilichowekwa katikati. Mwanafunzi wetu anayelalamika kwamba istilahi za Kiswahili ni za kubuniwa ajue kwamba lugha nyingi zimepita njia hiyo, na Kiingereza ni kimojawapo.

Aliandika pia kitabu cha mazungumzo ya Kilatini kwa ajili ya wavulana wa monasteri. Mwalimu anauliza, na kila mwanafunzi anajibu akiwa katika nafasi ya mtu fulani: mkulima, mchungaji, mvuvi, mwindaji, mfanyabiashara, mpishi. Mkulima analalamika kwamba lazima atoke alfajiri hata kwenye baridi kali kwa kumwogopa bwana wake, kwa kuwa yeye si mtu huru. Mpishi anabishana na wanaodai kwamba hawamhitaji. Ni igizo dhima lile lile tunalolitumia katika darasa la Kiswahili kwa wageni. Mwanafunzi anajifunza kujibu, na zoezi hilo la kujibu ndilo nililolikosa katika mahubiri.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa Ælfric ina pande mbili. Mahubiri yake peke yake humtunza padri kama mgonjwa anayelishwa kwa kijiko. Yakisomwa pamoja na sarufi na mazungumzo, tunaona mpango mzima: kijiko ni cha leo, shule ni ya kesho.

Mirk na maswali ya mlangoni

Karne nne baadaye hali ilikuwa nyingine. Mtaguso wa Nne wa Laterani wa mwaka 1215 ulikuwa umewaagiza maaskofu kuteua watu wanaofaa wa kuhubiri kwa niaba yao, na karne ya 13 ilizaa vitabu vingi vya kuwasaidia. Jacques de Vitry, askofu wa Akko na baadaye kardinali, aliyefariki mwaka 1240, alipanga mahubiri kwa kufuata tabaka la wasikilizaji na kuyajaza visa. Kimoja kinawahusu walimu wa lugha moja kwa moja: shetani anaonekana amebeba gunia zito, na akiulizwa kilichomo anasema ni silabi na aya ambazo makleri walizimeza wakati wa kuimba zaburi. Sijapata kisa kinachofaa zaidi kwa somo la matamshi.

John Mirk ni mrithi wa jadi hii. Alikuwa kanoni wa shirika la Mtakatifu Agostino huko Lilleshall, Shropshire, na katika miaka ya 1380 hivi alitunga kwa Kiingereza mkusanyo wa mahubiri ya sikukuu uitwao Festial. Anaeleza kwamba anawaandikia wale walio kama yeye, wenye wajibu wa kuwafundisha waumini lakini wanaojitetea kwa kukosa vitabu na kwa uchache wa elimu. Sehemu kubwa aliitoa katika Legenda aurea, kitabu cha Kilatini cha visa vya watakatifu kilichotungwa na Mdominiko Jacobus de Voragine katika karne ya 13. Mahubiri yake ni mafupi, yanawaita watu wema, wanaume kwa wanawake, na hayaishi bila hadithi.

Ælfric angeshtuka. Maajabu ni mengi, na uchunguzi wa chanzo ni mdogo. Mara nyingine hadithi inavutia hadi funzo linasahaulika. Nathari yake haina mahadhi yaliyopimwa kama ya mtangulizi wake. Tukipima kwa usahihi na kwa ufundi wa lugha, Mirk anashindwa.

Lakini Mirk aliona jambo moja ambalo mahubiri ya Ælfric hayakuliona. Katika sehemu ya Juma Kuu anamwambia padri waziwazi kwamba watu wasiosoma, wenye maneno mengi na wanaojivunia akili zao, humjia na kumuuliza maswali kuhusu ibada za siku hizo, wakitaka kumfedhehesha akishindwa. Kwa nini mishumaa inazimwa mmoja mmoja? Kwa nini kengele zinanyamaza? Mirk anampa majibu. Sehemu hizi hazikusudiwi kusomwa mbele ya watu. Ni za padri peke yake, azijue kabla hajaulizwa. Aliandika pia shairi refu la maelekezo kwa maparoko, lililotungwa kwa vina ili lishikike kichwani, likieleza namna ya kubatiza, kuungamisha na kufundisha.

Nilipoisoma sehemu ile ya Juma Kuu nilikumbuka tanga. Mirk alijua kwamba aliyeazima maneno ataumbuliwa na swali, na alijua kwamba muulizaji si lazima awe na nia njema. Kijana wangu wa Mombasa alikuwa na nia njema, akaningoja hadi mlangoni. Mapadri wa Shropshire hawakuwa na bahati hiyo kila siku.

Vitabu baada ya watunzi wake

Mahubiri ya Ælfric yamebaki katika miswada zaidi ya 30, mingine mizima na mingine vipande. Aliwasihi wanakili wayanakili kwa uangalifu. Walifanya walivyotaka. Katika miswada kadhaa mahubiri yake yamechanganywa na yale yale ya watunzi wasiojulikana ambayo yeye aliyakataa, kana kwamba ni ukoo mmoja. Padri alihitaji kitu cha kusoma, na hakuuliza kila ukurasa umetoka kwa nani. Mwaka 1566 au 1567, Askofu Mkuu Matthew Parker alichapisha hubiri lake la Pasaka kwa herufi za Kiingereza cha Kale zilizochongwa maalumu, ili litumike kama ushahidi wa Waanglikana dhidi ya Roma kuhusu Ekaristi, mgogoro ambao Ælfric hakuwahi kuuota. Festial nayo ilipigwa chapa na Caxton mwaka 1483 na ikaendelea kuchapwa hadi 1532, mageuzi ya dini yalipokuwa yakiingia Uingereza.

Baina ya hao yupo msomaji mmoja ninayempenda kuliko wote. Katika karne ya 13, mjini Worcester, kulikuwa na mtu ambaye jina lake halijulikani. Wataalamu humwita Mkono Unaotetemeka, kwa kuwa mwandiko wake unaonyesha mtetemo. Kiingereza cha Ælfric kilikuwa kimekwisha kuzeeka, na wasomaji wengi hawakukielewa tena. Mtu huyu aliketi na miswada ya zamani akaandika maana za maneno juu ya mistari na pembeni, nyingi kwa Kilatini, neno baada ya neno, katika miswada ipatayo 20. Alinakili pia sarufi ya Ælfric. Kilatini, lugha iliyowashinda mapadri wa Ælfric, sasa ndicho kilichotumika kukieleza Kiingereza chake. Hakuna aliyeyamiliki maneno ya kuazima kwa jasho zaidi yake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba vitabu vya mahubiri vya Zama za Kati ni kazi zinazostahili uhakiki, mradi tutumie kipimo kinachozifaa. Kwa kipimo hicho, Ælfric ni bingwa wa nathari ya kusemwa na mtu mwingine, lakini mahubiri yake hayamwamini msomaji wake, na wokovu wa msomaji huyo umo katika sarufi. Mirk ni dhaifu kwa ufundi na kwa uchunguzi, lakini anamtazama padri usoni na kumwandaa kwa ajili ya swali. Nikilazimishwa kuchagua mwandishi, nitamchagua Ælfric. Nikilazimishwa kuchagua mwenzangu wa kazi, huenda nikamchagua Mirk.

Idara zetu zinaishi kwa maneno ya kuazima, na hilo si aibu. Vitabu havitoshi, madarasa ni makubwa, na mwalimu anayeanza hawezi kutunga kila kitu mwenyewe. Anayestaafu atazidi kumwachia anayeanza faili lake, na wengi wetu tumevuka mwaka wa kwanza kwa msaada wa aina hiyo. Ninachopendekeza kwa wenzangu ni kidogo. Tunapoachiana notisi, tuache pia ukurasa wa Mirk: maswali ambayo wanafunzi huuliza, na mahali ambapo sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Na anayepokea asiingie darasani kabla hajajaza pembezoni kwa mkono wake mwenyewe, hata ukitetemeka.

Faili lile la mzee wangu bado ninalo. Pembeni mwa mfano wa mabaharia nimeandika kwa kalamu nyekundu: kutweka ni kupandisha, uliza Mombasa. Mwaka huu nimelitoa nakala na kumkabidhi mhadhiri msaidizi aliyejiunga nasi, pamoja na maandishi hayo mekundu.